Fangasi waishio ndani ya mahindi na afya ya utumbo wa mtoto: Mambo ya kuzingatia Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu, Manyara

Punje ya mahindi inaweza kuonekana safi, nyeupe na nzito mkononi, huku ndani yake mkiwa na fangasi hai. Si lazima fangasi huyo awe ameingia ghalani. Huenda alikuwamo tangu mmea ukiwa shambani. Kwa wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang, ambako ugali, makande na uji wa mahindi ni chakula cha kila siku, jambo hilo linahusu moja kwa moja afya ya watoto wanaoanza kulishwa chakula cha nyongeza.

Fangasi ndani ya mmea

Fangasi huishi ndani ya mimea mingi, na si wote walio na madhara. Wapo wanaousaidia mmea kustahimili ukame na wadudu. Katika mahindi, anayejulikana zaidi ni Fusarium verticillioides. Huyu hukaa ndani ya bua, gunzi na punje bila mmea kuonesha dalili, na huweza kupitia kwenye mbegu hadi mmea wa msimu unaofuata.

Mmea unapopatwa na ukame au kutobolewa na bungua, fangasi huyo hupata nafasi ya kuongezeka na kutoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo watafiti wa Afrika Kusini waliibainisha mwaka 1988. Fangasi mwingine, Aspergillus flavus, hutoa aflatoksini, hasa mahindi yanapokumbwa na ukame shambani au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu za aina hii hujulikana nchini kwa jina la sumukuvu.

Bakteria wa utumbo hufuata chakula

Utumbo wa binadamu una bakteria wengi wanaosaidia kusaga nyuzinyuzi, kutengeneza baadhi ya vitamini na kuzuia vimelea vya magonjwa. Ushahidi wa namna chakula kinavyowabadili umepatikana miongoni mwa Wahadzabe, jamii inayoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, likiwamo Bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16, ukabaini kuwa Wahadzabe wana bakteria wa aina nyingi zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliotumia sampuli 350, ulionesha kuwa bakteria hao hubadilika kwa misimu, kadiri jamii hiyo inavyotoka kwenye matunda na asali ya masika kwenda kwenye nyama ya kiangazi.

Ikiwa chakula hubadili bakteria wa utumbo, sumu iliyomo katika chakula nayo inaweza kuwafikia. Fumonisini huzuia seli kutengeneza aina fulani ya mafuta yanayojenga kuta zake, na utumbo ndio hukutana na sumu hiyo mwanzo. Katika majaribio ya nguruwe, chakula chenye fumonisini kilibadilisha mchanganyiko wa bakteria wa utumbo. Kwa binadamu uchunguzi bado unaendelea, hivyo wanasayansi husema sumu hizi huenda zikavuruga bakteria wa mtoto. Hawasemi kuwa jambo hilo limekwisha kuthibitika.

Dalili kwa watoto

Kuhusu ukuaji wa mtoto, ushahidi upo karibu zaidi. Utafiti wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2010, ulibaini kuwa watoto waliokula fumonisini kupita kiwango salama walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 walipofikisha miezi 12, wakilinganishwa na wenzao. Haydom, wilayani Mbulu, ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED kuhusu lishe na ukuaji wa watoto. Matokeo ya watoto wa eneo hilo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha dalili za aflatoksini na fumonisini katika miili ya wengi wao.

Sumukuvu ikizidi huua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa aflatoksini na 20 kati yao walifariki dunia. Hata hivyo, kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakimlazi mtu kitandani, ndiyo maana ni rahisi kupuuzwa.

Hatua za kuchukua

Kupika hakuondoi sumukuvu. Kinga huanzia shambani na ghalani. Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kuvuna mahindi mara yanapokomaa na kuyakausha juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.

Kupima ukavu kwa chumvi: weka mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu.

Kuchambua kwa mkono na kuondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa au kubadilika rangi. Punje hizo zisipewe mifugo wala kutumika kutengeneza pombe, kwa kuwa sumu hubaki, na aflatoksini huweza kupita hadi kwenye maziwa.

Kukoboa mahindi ya uji wa mtoto kabla ya kusaga, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini.

Kumpa mtoto maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha kuchanganya vyakula, ikiwamo mtama, ulezi, maharage, mboga na matunda, badala ya kutegemea mahindi peke yake.

Kwa wafanyabiashara, viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za jumla ya aflatoksini na miligramu 2 za fumonisini kwa kila kilo. Usalama wa chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mkulima mwenye shaka na mavuno yake amwone afisa ugani wa kata, na mzazi mwenye mtoto asiyeongezeka uzito amfikishe kliniki mapema. Fangasi wa ndani ya punje haonekani kwa macho, lakini kadi ya kliniki inaweza kuonesha mapema kuwa ukuaji wa mtoto umepungua.