Roboti katika Kota za Arua na Koboko: Mkubwa Amfundishe Mdogo

Mtu apitaye jioni katika kota za askari au polisi hapa West Nile hakosi kumwona mtoto akisukuma gari la waya. Magurudumu yake ni vipande vya ndala zilizokwisha, usukani wake ni fito ndefu, na mlio wa injini watoka kinywani mwa mwenye gari. Wazazi wengi huuhesabu kuwa mchezo tu. Mimi, niliyesomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, naona kwamba fundi amekwisha kuanza kazi, na kilichobaki ni kumpata mtu wa kumwonyesha hatua ya pili.

Hatua hiyo ya pili siku hizi huitwa roboti. Neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kicheki, katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek uliochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni robota, yaani kazi ya shokoa. Kwa sababu ya sinema, watu wengi hudhani kwamba roboti ni lazima iwe mtu wa chuma mwenye macho mekundu. La hasha. Roboti ni chombo kinachohisi jambo, kikaamua, kisha kikatenda bila kushikwa mkono. Boya lililo ndani ya tangi la maji ni jamaa yake wa mbali: maji yakipanda nalo hupanda, likafunga bomba lenyewe. Mtoto aliyelielewa boya amekwisha kuingia mlangoni.

Wasomaji wetu walio jeshini wanajua kuwa jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 1972, huko Ireland ya Kaskazini, Luteni Kanali Peter Miller wa jeshi la Uingereza alichukua toroli la bustani lililoendeshwa kwa umeme na kulifanya chombo cha kushughulikia magari yaliyotegwa mabomu, askari akiwa amesimama mbali. Chombo hicho kiliitwa Wheelbarrow, yaani toroli, na jina hilo likadumu. Na polisi wa usalama barabarani watapenda kujua kwamba mwaka 2013, katika nchi ya jirani zetu wa ng'ambo ya Vurra, mhandisi Bi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka katika njia panda za Kinshasa roboti kubwa zinazotumia nguvu za jua kuongoza magari. Wala hazikutoka Ulaya. Zilibuniwa na Wakongo wenyewe.

Sasa niseme juu ya vijana wa shule. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja mvumbuzi, Dean Kamen, alianzisha chama kiitwacho FIRST ili wanafunzi washindane kwa roboti kama wanavyoshindana kwa mpira. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992, katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya New Hampshire, timu zikiwa 28. Leo timu ni maelfu, katika nchi nyingi. Lakini kilichonivutia mimi si wingi huo. Katika mashindano hayo timu hucheza kwa ushirika, hata mpinzani wa asubuhi huweza kuwa mshirika wa mchana, na tuzo iliyo juu ya zote haipewi timu yenye roboti yenye nguvu kuliko nyingine. Hupewa timu iliyotoka nje ya karakana yake ikawaendea wananchi, ikaanzisha timu za wadogo na kuzilea mpaka zikasimama. Yaani mtu aweza kushindwa uwanjani na bado akarudi nyumbani na heshima iliyo kubwa kuliko zote.

Hapa Uganda tunao wetu. Mwaka 2011 Bw. Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots mjini Kampala, akafungua klabu za roboti katika shule, ili sayansi itoke ubaoni na kuingia mikononi. Jina alilochagua ni Kiswahili chetu hiki hiki cha kambini. Fundi, kama tujuavyo, hakamiliki mpaka awe na mwanafunzi wa kumshikia taa.

Hilo la mwanafunzi ndilo lililonifundisha kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mwalimu katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikusanya vijana wanne wa kidato cha tatu, hodari kuliko wenzao, tukaanza klabu. Tulikuwa na kabati moja la mbao, pasi ya kulehemu moja, koleo mbili, na mzigo wa redio mbovu tulizopewa na wenye vibanda vya sokoni. Wale wanne walijifunza upesi sana. Siku ya wazazi gari lao lilizunguka mezani, likigusa kitabu likageuka lenyewe, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi akasimama na kulipigia saluti. Nilijivuna. Wadogo wa kidato cha kwanza walipochungulia dirishani niliwafukuza, nikihofia wataiba betri.

Mwaka uliofuata wale wanne walifanya mtihani wa kidato cha nne, wakatawanyika. Ufunguo wa kabati ulibaki kwangu. Nilipolifungua muhula ulioanza, hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyejua waya upi unakwenda wapi, na mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilikuwa nimekwisha kusahau. Mchwa wakala kabati. Kosa lilikuwa langu: nilifundisha walio juu, nikasahau walio chini yao.

Kwa familia za askari jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa raia. Baba hupata uhamisho; mtoto aliyeanza ujuzi Koboko mwezi wa pili huenda akajikuta Moroto au Mbarara mwezi wa sita. Ikiwa ujuzi uko katika kichwa chake peke yake, Koboko imepoteza. Lakini ikiwa alikwisha kuwafundisha wawili kabla ya lori kupakiwa, basi Koboko haikupoteza kitu, na huko aendako anaweza kuwa chanzo cha klabu mpya. Uhamisho, ambao mama wa nyumba wengi huulalamikia, na kwa haki, katika jambo hili moja waweza kuwa baraka.

Yafaa pia tukumbuke lugha. Katika kota moja hukaa Mlugbara, Mkakwa, Mwacholi, Mnubi na Mteso. Mkubwa akimfundisha mdogo kwa Kiingereza cha kitabu, nusu ya maneno humpita. Akimwambia kwa Kiswahili kwamba upande huu wa betri ni chanya na huu ni hasi, na kwamba ukiugeuza mota itazunguka kinyume, mdogo huelewa na kucheka.

Vijana wa kuiga mfano wako karibu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, chama cha CTEN kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe wa Sudan Kusini kimekuwa kikiitisha siku za matengenezo, ambapo watu huleta simu, redio na taa za jua zilizoharibika, na vijana huzifungua pamoja na wenye mali. Mwenye taa haachi taa na kwenda. Hukaa akaona inavyotengenezwa. Nasi tunacho Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza mwaka 2013 na kufundisha teknolojia ya habari pale pale Arua. Mwanafunzi wa Muni akiwashika mkono wa sekondari, na wa sekondari wakawashika wa msingi, mnyororo umekamilika. Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilometa 92, imekwisha kuondoa udhuru wa safari. Tena mtaala wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulioanza mwaka 2020 unataka wanafunzi wafanye miradi ya vitendo. Mwalimu mkuu hawezi tena kusema kwamba haya ni mambo ya kupoteza wakati.

Umeme nao si kikwazo. Kwa miaka mingi West Nile ilitegemea umeme wake mdogo wa Nyagak, wa megawati 3.5, pamoja na jenereta, mpaka mwaka 2024 tulipounganishwa na gridi ya taifa. Lakini roboti ya kwanza haihitaji umeme wa ukutani, wala haipaswi kuukaribia. Chukueni mota ndogo mbili kutoka vinyago vibovu, betri nne za tochi, na swichi mbili za kugusa zenye miguu mitatu, ambazo fundi wa redio anazo. Betri zigawanywe mbili mbili, na waya utoke katikati yao kwenda upande mmoja wa kila mota. Upande wa pili wa mota uende kwenye mguu mkuu wa swichi. Katika miguu miwili iliyobaki, mmoja uende chanya na mwingine hasi. Kila swichi ifungwe unyoya wa waya mbele, kama pembe za mende. Swichi ya kushoto iendeshe mota ya kulia, na ya kulia iendeshe ya kushoto. Pembe ya kushoto ikigusa ukuta, gurudumu la kulia hurudi nyuma, na chombo hugeuka kuuepa. Hakuna kompyuta humo.

Akina mama wasisitize mambo machache. Risasi ya kulehemu ina sumu, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya chakula, na kazi ifanyike penye upepo. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe kamwe. Na katika kuokota vyuma: nchi yetu ilitangazwa mwezi Desemba 2012 kuwa imekwisha kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini, lakini masalio mengine ya vita hayana tangazo. Mtoto asiokote chuma asichokijua porini. Hapa baba aliye askari ni mwalimu bora kuliko mimi, naye awaite watoto wote wa kota, si wake tu, awaonyeshe.

Mimi nimeanza upya, jioni za Jumamosi, barazani kwangu. Safari hii niliweka sharti moja: asiyekuja na mdogo wake, au mdogo wa jirani, haruhusiwi kushika koleo. Mwanzoni wakubwa walinung'unika, maana wadogo huangusha vitu na kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Sasa tumefikia kumi na mmoja, na wawili wamekwisha kuhama na wazazi wao. Ufunguo wa sanduku sikai nao mimi. Uko kwa binti mmoja wa kidato cha pili. Juzi nilimwomba aniazime koleo nikafunge bawaba ya mlango wa jikoni. Alinitazama kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, utairudisha lini?"