Somo la Leo: Kutia Lehemu Waya wa Reli Ndogo

Leo tutajifunza kuunga waya kwa lehemu. Mfano wetu ni gari moshi dogo la kuchezea, ambalo watu wengi wa Uingereza hulijengea njia mezani. Umeme wake, mara nyingi volti 12, hupita katika reli zenyewe. Kiungo cha waya na reli kikiwa kibovu, gari husimama.

Kwanza, kata umeme. Pili, sugua ubavu wa nje wa reli kwa msasa mpaka ung'ae. Lehemu haishiki penye uchafu. Ubavu wa ndani uache, maana huko magurudumu hupita. Tatu, menya ncha ya waya, uisokote, uitie lehemu kidogo. Reli nayo itie lehemu kidogo.

Sasa weka waya penye reli, uukandamize kwa chuma cha moto. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 190 hivi. Ikiyeyuka, ondoa chuma upesi, kwa sababu mataruma ya plastiki huharibika kwa moto. Usitikise waya mpaka lehemu igande.

Kumbuka: reli yenyewe lazima ipate moto. Lehemu ikidondokea reli baridi, hukaa kama tone la maji juu ya jani la yugwa. Yaonekana imeshika, kumbe haikushika. Vuta waya polepole. Ukibanduka, anza tena.

Risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula.