Saa za Kabla ya Kisu: Tiba ya Awali ya Utumbo Mpana Ulioziba kwa Saratani

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takribani mita moja na nusu. Huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, hupanda, hukatiza chini ya mbavu, kisha hushuka upande wa kushoto hadi kwenye puru. Saratani inayoota upande wa kulia yaweza kukua sana bila kuziba njia, kwa kuwa huko kinyesi bado ni cha majimaji. Mara nyingi mgonjwa hujulikana kwa upungufu wa damu tu. Upande wa kushoto mambo ni tofauti. Njia ni nyembamba, kinyesi kimekwisha kukauka, na uvimbe huuzunguka utumbo kama pete inayokazwa taratibu.

Tumfikirie mkulima wa vitunguu wa Lumuma, kata iliyo magharibi mwa wilaya ya Kilosa, kuelekea Mpwapwa. Ana umri wa miaka 58. Kwa miezi kadhaa choo chake kimebadilika: mara hukosa choo siku nne, mara huharisha. Ameona damu akaambiwa ni bawasiri. Wengine nyumbani wamesema ni chango, akanywa dawa ya mizizi ya kuharisha. Sasa ni siku ya tatu hapati choo wala hewa haitoki, tumbo limejaa kama ngoma, na kila baada ya dakika chache maumivu humkata. Mgonjwa huyu atahitaji upasuaji. Lakini swali linaloamua kama ataishi si la upasuaji peke yake. Ni la yale yatakayofanyika, na yatakayoachwa, kabla hajafika mezani.

Hatari yenyewe yafaa ieleweke vizuri. Mahali utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana pana vali inayozuia kinyesi kurudi nyuma. Vali hiyo ikiwa imara, kinyesi na gesi hufungiwa kati ya vali na uvimbe, kama maji katika mpira uliofungwa ncha zote mbili. Shinikizo hupanda. Kwa kanuni ya fizikia, kadiri mrija ulivyo mpana ndivyo ukuta wake unavyovutwa zaidi kwa shinikizo lile lile. Kwa hiyo sehemu iliyo hatarini kupasuka si pale penye saratani tu, bali pia sekamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia, ambao ndio mpana kuliko kwingine. Sekamu ikifikia upana wa sentimita 12 katika eksirei, hofu ya kupasuka huwa kubwa. Ndiyo maana maumivu ya kubonyezwa chini ya tumbo upande wa kulia, kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake uko kushoto, ni onyo zito. Tena, vali ikiwa imara mgonjwa huchelewa sana kutapika. Kusema kwamba hatapiki na kwa hiyo hajaziba ni kosa linalogharimu maisha.

Wakati huo huo maji ya mwili hukusanyika ndani ya utumbo, nje ya mzunguko wa damu. Mgonjwa huweza kuwa amepungukiwa na lita kadhaa ilhali hajaharisha wala kutapika. Akipewa nusu kaputi katika hali hiyo, shinikizo la damu huweza kuanguka papo hapo. Kwa hiyo tiba ya kwanza, inayoweza kuanzia zahanati, ni kumzuia kula na kunywa, kumwekea dripu ya Ringer, na kuingiza katheta ili mkojo upimwe kila saa. Shabaha ni angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60, mililita 30. Potasiamu huongezwa baada ya mkojo kuanza kutoka, na ikiwezekana baada ya kipimo cha damu. Mrija wa puani huingizwa hadi tumboni: kama vali ni imara hautapunguza sana kujaa kwa utumbo mpana, lakini utapunguza hatari ya matapishi kuingia mapafuni. Maumivu yatulizwe. Dhana kwamba dawa ya maumivu itamficha daktari ugonjwa imekwisha kukataliwa, na kumwacha mtu alie njia nzima kutoka Lumuma hakumsaidii yeyote.

Yasiyotakiwa ni machache, lakini ndiyo yanayofanyika sana. Dawa za kuharisha, ziwe za dukani au za mizizi, huongeza shinikizo nyuma ya kizuizi. Kupigwa bomba kwa nguvu huweza kuupasua utumbo. Metoklopramidi, dawa ya kutapika inayopatikana kwa urahisi, huusukuma utumbo ushindane na ukuta usiopitika, isitumike.

Rufaa isisubiri asubuhi. Wilaya ya Kilosa inajua maana ya njia kukatika: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata reli ya kati. Barua ya rufaa iseme choo na hewa vilikoma lini, kiasi cha dripu na mkojo, dawa zilizotolewa na saa zake, na kama pana henia iliyokwama kwenye kinena. Ndugu wawili waambatane naye, kwani huenda damu ikahitajika.

Hospitalini, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kweli ni saratani. Katika Afrika Mashariki utumbo kujisokota ni chanzo cha kawaida cha kuziba, nao, kama haujaoza, huweza kufunguliwa kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa. Eksirei ya tumbo husaidia. CT skani husaidia zaidi, kwa kuwa huonyesha mahali penye uvimbe na kama umefika kwenye ini. Tumbo likiwa gumu kama ubao, homa ikiwa juu na mapigo ya moyo yakienda mbio, subira imekwisha: mgonjwa hupewa antibayotiki, kwa mfano seftriaksoni pamoja na metronidazo, na hupelekwa chumba cha upasuaji huku dripu ikiendelea. Asipokuwa na dalili hizo, saa kadhaa, hata siku moja au mbili, za kumwandaa si uzembe. Ni tiba.

Kwa uvimbe wa kulia, daktari kwa kawaida huondoa sehemu hiyo na kuunganisha utumbo mara moja. Kwa wa kushoto kuna njia kadhaa. Ya zamani, iliyoelezwa na Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921, ni kuondoa uvimbe na kuutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo. Nyingine ni kuupunguzia utumbo shinikizo kwanza kwa stenti, mrija wa waya unaotanuka ndani ya uvimbe, kisha kufanya upasuaji baadaye. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya endoskopia wa mwaka 2020 unapendekeza muda wa takribani wiki mbili. Faida yake ni kwamba upasuaji wa dharura hugeuka kuwa wa kupangwa. Hasara ni kwamba stenti ikiupasua utumbo, chembe za saratani huweza kusambaa. Huhitaji pia vifaa na mikono iliyozoea. Japani hutumia sana mrija laini unaopitishwa kwenye puru.

Palipo na daktari wa upasuaji lakini hapana stenti, kolostomia ya muda iliyo juu ya uvimbe hufanya kazi ile ile kwa operesheni ndogo. Mgonjwa hula, damu huongezwa, kinyama cha uvimbe hupimwa, kisha huenda kwa bingwa akiwa na nguvu. Kwa maoni yetu njia hii hudharauliwa isivyostahili.

Lakini mgonjwa lazima aelezwe kabla, akiwa na ndugu zake. Wengi hukataa operesheni nzima kwa sababu ya neno hilo moja, mfuko. Aambiwe kwamba kwa wengi ni wa muda, kwamba ataweza kurudi shambani, na kwamba kwa baadhi hubaki daima. Kisha muuguzi amkalishe, amsimamishe, na kuweka alama ya kalamu mahali anapoweza kupaona mwenyewe, mbali na mkunjo wa ngozi na mahali anapofungia mkanda au kanga.