Chama Kinapokutana na Mnunuzi Mpya

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ni wa kweli, lakini usieleweke vibaya. Kahawa njema iliyofungiwa ghalani haiwezi kujiuza kwa mtu asiyeijua. Nchini Tanzania, mbali na mnada, chama cha msingi kinaweza kuuza kahawa yake bora moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, kwa kufuata taratibu za Bodi ya Kahawa. Hivyo huja siku ambapo katibu na wajumbe wa bodi ya chama huketi meza moja na mnunuzi ambaye hajapata kuwaona. Siku hiyo jasho la wanachama la msimu mzima limo mikononi mwao.

Sampuli ndiyo msemaji mkuu

Mnunuzi wa kahawa huamini ulimi wake kuliko hotuba. Kwa sababu hiyo, kosa kubwa kupita yote ni kuchambua punje nzuri kwa mkono na kumpa mnunuzi kana kwamba ndivyo mzigo wote ulivyo. Mikataba mingi humpa mnunuzi haki ya kupima sampuli nyingine, iliyotolewa katika mzigo wenyewe kabla haujasafirishwa. Zikitofautiana, aweza kuukataa mzigo. Magunia hubaki ghalani, wanachama hukosa malipo, na mnunuzi harudi tena.

Njia iliyo sawa ni kuchota kidogo kidogo katika magunia mengi ya mzigo mmoja, kuchanganya vizuri, kisha kugawa mafungu matatu: la mnunuzi, la chama na la chama kikuu. Kila fungu liandikwe namba ya mzigo, daraja, msimu na tarehe. Unyevu upimwe, kwa kahawa safi, asilimia 10 hadi 12 ndicho kiasi kinachofaa. Ikizidi hapo, kahawa yaweza kuota ukungu njiani.

Tena, chama kiwe kimekwisha kuionjesha kahawa yake kwa waonjaji kabla ya mkutano. Waonjaji hutoa alama katika 100, na kahawa ipatayo 80 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kiwango cha pekee. Katibu asiyejua alama za kahawa yake hana hoja ya kutetea bei.

Hesabu zitangulie maneno

Kontena la futi 20 huchukua magunia yapatayo 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa safi. Kwa kuwa kukoboa huondoa takribani moja ya tano ya uzito, chama kinahitaji kilo 24,000 hivi za kahawa kavu yenye ganda lake la ndani ili kulijaza. Katibu aulize daftari la mapokezi kabla ya kumjibu mnunuzi kwamba mzigo upo.

Bei ya arabika katika soko la New York hutajwa kwa senti za dola kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2. Tuchukue mfano: mnunuzi akitaja senti 250, hiyo ni dola 5.50 kwa kilo. Lakini fedha hizo si za mkulima zote. Gharama za kukoboa, magunia, usafiri hadi bandarini, ushuru na riba ya mkopo hazina budi kuondolewa kwanza. Bodi ikubaliane mapema juu ya bei ya chini kabisa ambayo chama hakitashuka, na siri hiyo ibaki ndani ya bodi.

Mwenendo wa mazungumzo

Msemaji awe mmoja, na wengine wajibu wanapoulizwa. Aanze na mambo anayoyataka mnunuzi: kahawa gani, kiasi gani, itakuwa tayari lini. Historia ya chama na majina ya viongozi yaweza kusubiri. Mnunuzi apewe nafasi ya kuuliza, na swali lisilo na jibu lijibiwe kwa ahadi ya kuleta jibu siku iliyotajwa. Ikiwa mvua ilichelewesha ukaushaji, aambiwe. Kasoro aliyoelezwa mapema huweza kuzungumzwa katika bei. Ile anayoigundua mwenyewe huvunja imani. Wala si adabu kukisema vibaya chama jirani, kwa maana huenda kesho vyama hivyo viwili vikajaza kontena moja.

Mwishoni yaliyokubaliwa yaandikwe, na nakala ibaki chamani. Asitie sahihi mtu yeyote ambaye hakupewa mamlaka na chama.

Ahadi ni deni, na deni la chama hulipwa na wanachama wote. Yafaa katibu aahidi magunia 200 akayatoa yote, kuliko kuahidi 320 akabaki akitafuta ya kujazia.