Utangulizi: Gari la Deraya Juu ya Meza

Kazi ninayokukaribisha humu huonekana kwa mbali kuwa mchezo. Mtu mzima ameinamia meza chini ya taa, kibano mkononi, anabandika kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele. Sogea karibu, umuulize kwa nini ameng'oa magurudumu madogo ya mpira akaweka ya chuma. Atakutajia kiwanda, mwaka, na uhaba wa mpira uliosababisha badiliko hilo. Ukiendelea kumsikiliza utagundua kwamba unazungumza na mtafiti.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike tangu ukurasa huu wa kwanza: mfano mdogo wa gari la vita ni dai la kihistoria. Unadai kwamba gari fulani, lililotoka kiwanda fulani katika kipindi fulani, lilikuwa na sura hii siku ile. Dai likiwa na ushahidi, mfano unafundisha. Likikosa ushahidi, hata ukiwa umepakwa rangi kwa ustadi wa kushangaza, unabaki pambo.

Nimechagua gari moja litakalotuongoza: Sturmgeschütz III, toleo la G, ambalo wapenzi wake hulifupisha kuwa StuG. Wengi hupenda kuanza na kifaru cha Tiger kwa sababu ya ukubwa na sifa zake. Mimi naona StuG ni mwalimu bora zaidi, maana lilitengenezwa kwa wingi, kwa muda mrefu, na likabadilishwa mara nyingi njiani. Wazo lake lilitolewa mwaka 1935 na Erich von Manstein, aliyetaka askari wa miguu wawe na mzinga wao wenye deraya, unaokwenda nao bega kwa bega na kuvunja ngome zinazowazuia. Wahandisi wakachukua sehemu ya chini ya kifaru cha Panzer III, wakaondoa mnara unaozunguka, wakaupachika mzinga ndani ya boma la chuma lililotulia juu ya mwili. Kwa hiyo mzinga uliweza kugeuka kidogo tu kulia na kushoto. Adui akitokea ubavuni, dereva ilibidi ageuze gari zima. Hasara hiyo ilifidiwa na mambo mawili: gari lilikuwa rahisi zaidi kutengeneza kuliko kifaru chenye mnara, na lilikuwa fupi, lenye kimo cha mita 2.16, likijificha nyuma ya kichaka ambacho kifaru kisingeweza.

Toleo la G lilianza kutoka viwandani Desemba 1942 na likaendelea hadi 1945. Yalitengenezwa zaidi ya 7,000, mengi katika kiwanda cha Alkett cha Berlin na mengine kwa MIAG, Braunschweig. Lilikuwa na watu wanne, mzinga wa milimita 75, injini ya Maybach na uzito wa karibu tani 24. Kazi yake nayo ilibadilika: gari lililobuniwa kusaidia askari wa miguu likageuka kuwa mwindaji wa vifaru, hasa katika vita dhidi ya Umoja wa Kisovieti.

Sasa tulishushe mezani. Skeli inayotawala fani hii ni 1 kwa 35, na asili yake si ya kisayansi hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa mfano wa kifaru cha Panther wenye mota. Ukubwa wa mwili wake ulipangwa ili betri zienee ndani. Ulipopimwa baadaye dhidi ya gari halisi, uwiano ukaonekana kuwa karibu 1 kwa 35. Kampuni ikaendelea nao na wengine wakafuata. Kwa skeli hiyo, StuG lenye urefu wa mita 6.77 linakuwa na sentimita 19 na kidogo, na kimo chake ni sentimita sita tu.

Jizoeze kugawanya kwa 35 kila unaposhika kitu, kwa sababu hesabu hiyo ndogo itakuokoa na makosa mengi. Deraya ya mbele yenye unene wa milimita 80 inakuwa milimita 2.3, na plastiki inaimudu bila shida. Lakini chukua yale mabamba membamba ya pembeni, ambayo Wajerumani waliyaita Schürzen, yaliyoanza kuning'inizwa mwaka 1943 kuzuia risasi za bunduki za Kisovieti za kutobolea deraya. Yalikuwa na unene wa milimita 5. Kwenye meza yetu hiyo ni milimita 0.14, wembamba ambao kalibu ya plastiki haiwezi kuutoa. Bamba la plastiki lenye unene wa nusu milimita linawakilisha chuma cha milimita 17 na nusu, na jicho, hata la asiyejua hesabu, huhisi kwamba kitu hakiko sawa. Ndiyo maana mafundi hukata mabamba hayo kutoka kwenye karatasi ya shaba, ambayo pia hukubali kupindwa na kukunjwa kama ilivyotokea kwa mabamba halisi yalipogonga miti. Kanuni hiyohiyo inahukumu mikwaruzo ya rangi: alama ya milimita moja kwenye mfano ni jeraha la sentimita tatu na nusu kwenye gari.

Utajiri wa fani hii, kwa maoni yangu, uko katika tarehe. Mwili wa StuG umejaa tarehe kwa mtu anayejua kuzisoma. Magari ya mwanzo ya toleo la G yalikuwa na deraya ya mbele ya tabaka mbili, bamba la milimita 30 likiwa limefungwa kwa boliti juu ya lile la milimita 50. Baadaye likaja bamba moja la milimita 80, na vichwa vya boliti vikatoweka. Ngao ya mzinga hapo kwanza ilikuwa sanduku la mabamba yaliyounganishwa. Kuanzia mwishoni mwa 1943 ikaonekana ngao ya kusubu yenye mviringo, ambayo wapenzi wa magari haya huiita kichwa cha nguruwe, lakini ile ya sanduku haikuachwa. Zote mbili zilitumika sambamba. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza tahadhari: badiliko la kiwandani halitokei usiku mmoja, na gari lenye sehemu mpya upande huu linaweza kuwa na sehemu ya zamani upande wa pili.

Kisha kuna Zimmerit. Wajerumani waliogopa mabomu ya sumaku ambayo askari wa miguu angeweza kuyabandika kwenye chuma, hivyo tangu nusu ya pili ya 1943 magari yakapakwa kiwandani lipu maalumu iliyochanganywa bariamu salfeti, gundi, rangi ya manjano na unga wa mbao. Iliwekwa ikiwa laini, ikachorwa mifereji, ikakaushwa. Septemba 1944 amri ikatolewa isitumike tena, kufuatia hofu kwamba inashika moto gari linapopigwa. Mwaka mmoja hivi, basi, na mwaka huo umeacha alama ambayo mtunza kumbukumbu yeyote angeitamani, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mchoro wake. Alkett walichora mistari inayokatizana mraba kwa mraba. MIAG wakaikandamiza miraba midogo midogo iliyopangana kwa karibu. Ukiona picha ya StuG lenye Zimmerit, mara nyingi unaweza kusema lilitoka Berlin au Braunschweig kabla hujatazama kitu kingine. Fundi wa mifano huitengeneza lipu hiyo kwa dongo la epoksi lililotandazwa jembamba sana na kuchorwa kabla halijakauka. Ni kazi ya kuchosha. Mimi huipenda kuliko zote, kwa kuwa mkono unarudia mwendo uleule wa mfanyakazi wa kiwandani.

Hata mabomu ya adui yameandikwa katika historia ya gari hili. Novemba 1943 ndege za Uingereza zilikiharibu vibaya kiwanda cha Alkett, utengenezaji ukashuka, na kampuni ya Krupp ikaagizwa kutengeneza gari la aina hiyo juu ya mwili wa Panzer IV. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa StuG IV.

Kuhusu rangi, tarehe ya kukumbuka ni 18 Februari 1943. Kabla ya hapo magari ya jeshi la Ujerumani barani Ulaya yalikuwa ya kijivu kilichokolea. Amri ya siku hiyo ikafanya manjano iliyofifia kuwa rangi ya msingi, na vikosi vikapewa makopo ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia-nyekundu, wazizimue wenyewe na kuzipaka kulingana na mazingira. Wengine walizimua kwa petroli, wengine kwa maji, wengine walikuwa na bomba la kupulizia na wengine brashi au ufagio. Kwa hiyo hakuna mchoro mmoja sahihi wa rangi, na anayekuuzia huo mchoro mmoja usimsikilize. Kuna picha ya gari hili, na picha ya lile.

Suala la kuchakaza mfano ili uonekane umetumika limezua mabishano marefu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Mbelgiji François Verlinden alieneza mtindo wa kupitisha rangi nyepesi iliyozimuliwa kwenye mikunjo na kusugua brashi kavu kwenye kingo, na Mmarekani Sheperd Paine akafundisha kwamba mfano uliowekwa katika mandhari unaweza kusimulia kisa. Tunawadai shukrani wote wawili. Lakini wengi waliowafuata wamezidisha kutu. Magari mengi ya vita yaliteketea au kutekwa kabla ya miaka mingi kupita, na chuma chenye rangi hakiozi kwa miezi michache. Kutu ya kweli ilikuwa kwenye mabomba ya moshi, yaliyounguzwa na joto. Minyororo ilisuguliwa na ardhi ikang'aa pale ilipogusa. Kilichotawala ni vumbi na tope. Paka vumbi kwa ukarimu, kutu kwa ubahili.

Ushahidi tunaupata wapi? Kwanza kutoka kwa magari yaliyosalia na vitabu vya walioyapima. Mmarekani Thomas Jentz na mchoraji Hilary Doyle waliitumia miaka mingi kupekua hati asilia za Kijerumani na kupima magari yenyewe, boliti kwa boliti, na kazi yao imefuta uvumi mwingi uliokuwa ukinakiliwa kitabu hadi kitabu. Makumbusho nayo ni hazina, ila hayasemi ukweli wote. Tiger namba 131 iliyoko Bovington, Uingereza, ilitekwa Tunisia Aprili 1943. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba ilitekwa Djebel Djaffa. Utafiti wa baadaye, uliolinganisha picha za zamani, kumbukumbu za askari waliokuwapo na sura ya vilima vyenyewe, umehamishia tukio hilo Gueriat el Atach. Gari lilikuwa palepale kwenye jumba la makumbusho, likiguswa na maelfu ya watu, na bado hadithi yake ilihitaji kusahihishwa.

Ukitaka kuona jinsi gari lilelile linavyoweza kuwa na maisha mawili, tazama Ufini. Nchi hiyo ilinunua StuG 59 za toleo la G mwaka 1943 na 1944. Wafini waliondoa mabamba ya pembeni, wakafunga magogo ubavuni, wakamimina zege mbele, wakabadilisha bunduki ya Kijerumani kwa ile ya Kisovieti waliyokuwa nayo kwa wingi, na kulipaka gari rangi zao. Walichora pia hakaristi yao, ambayo jeshi lao lilianza kuitumia mwaka 1918, kabla chama cha Nazi hakijakuwapo. Baadhi ya magari hayo yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Parola. Anayeunda StuG la Kifini kwa kufuata picha ya Kijerumani atakosea karibu kila kitu kinachoonekana kwa nje.

Lipo jambo ambalo vitabu vingi vya fani hii hulipita kimya, nami sitalipita. Gari tunalolisoma lilitumikia serikali iliyoua Wayahudi milioni sita na mamilioni ya watu wengine, na viwanda vya silaha vya serikali hiyo viliendeshwa kwa mikono ya wafanyakazi wengi wa kulazimishwa na wafungwa. Askari wetu wa keya, waliotumikia jeshi la Uingereza, walipigana vita hiyohiyo huko Ethiopia, Madagaska na Burma. Hatuwezi kujifanya haituhusu. Sheria ya Ujerumani inazuia kuonyesha alama za Nazi, ikiruhusu kwa malengo kama elimu, utafiti na sanaa, na nadhani mpaka huo ni mzuri kwetu pia. Andika kwenye kibao cha mfano wako gari lilikuwa la kikosi gani na lilikuwa wapi, na ukiandika jina la kiwanda, andika na waliolazimishwa kufanya kazi ndani yake kila ushahidi unapokuwapo. Usitukuze wauaji kwa kisingizio cha ufundi. Na ukiwaweka watu juu ya StuG, kumbuka kwamba vikosi vyake vilikuwa chini ya mizinga, si vifaru, kwa hiyo kwa kawaida sare yao ilikuwa ya kijivu, si ile nyeusi inayopendwa na wapaka rangi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kisu kikali, msasa laini, gundi ya majimaji ya plastiki, kibano, rula ya milimita na brashi mbili tatu nzuri. Kalamu ya kupulizia rangi inaweza kusubiri. Kisichoweza kusubiri ni picha. Kabla hujakata kipande cha kwanza kutoka kwenye fremu yake, tafuta picha moja ya gari moja, ujiulize ilipigwa wapi na lini, kisha hesabu boliti, tazama ngao, tafuta Zimmerit, angalia magurudumu. Ukiyajibu hayo kwa maandishi, fungua sanduku.