Walaji wa Mawimbi katika Anga la Singida

Ukitazama minara ya simu ya Singida mjini, hewa iliyo kati ya mnara na mnara huonekana tupu. Kumbe ina walaji wa mawimbi ya maikrowevu, na kila mmoja ana rekodi yake.

Mwingi kuliko wote, asiyekula: nitrojeni. Ni asilimia 78 ya hewa kavu, lakini molekuli yake haina ncha za umeme wala za sumaku za kunasa wimbi. Mawimbi huipita karibu yote.

Mlafi asiyejua msimu: oksijeni. Elektroni zake mbili zisizo na wenzi huifanya sumaku ndogo. Kwenye gigahezi 60 hivi, pwani, kilomita moja hubakiza takribani asilimia 3 tu ya nguvu. Kinachomeza wimbi pia hulitoa, kwa kadiri ya joto lake. Kwa hiyo tangu 1978 satelaiti husikiliza masafa hayo na kupima joto la anga.

Mchache mwenye meno makali: mvuke wa maji. Ni nadra kuzidi asilimia 4 ya hewa, lakini molekuli yake ina ncha za umeme. Kwenye gigahezi 183, hewa ya unyevu wa kawaida hubakiza kama sehemu moja ya elfu kwa kilomita.

Kosa la gharama: rada ya sentimita 1.25. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliiunda kwa gigahezi 24, jirani kabisa na mstari wa mvuke wa gigahezi 22, yaani masafa mengine ambayo mvuke huyala. Kwenye hewa yenye unyevu ikawa haioni mbali. Mwanafizikia John Van Vleck alikuwa ametahadharisha.

Walaji wenye njaa ndogo: wa Singida. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam. Wakati wa kiangazi mvuke hupungua sana, na mstari wa gigahezi 22 hula kidogo kuliko pwani.

Msingiziwa mkuu: hewa. Januari picha ya televisheni ikikatakata, watu husema hewa imechafuka. Madishi mengi hupokea karibu na gigahezi 12, ambako gesi zote kwa pamoja huchukua asilimia chache tu. Mkosaji ni matone ya mvua, yanayomeza mawimbi na kuyatawanya. Mvua ileile ambayo mkulima wa alizeti ameingoja tangu Mei.