Bunduki Katika Tumbo la Ndege

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari nchini Marekani, nilisimama katika foleni ya kukabidhi mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Denver, jimbo la Colorado. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kofia ya wawindaji. Zamu yake ilipofika aliweka juu ya mizani sanduku refu lenye kufuli mbili, akamwambia karani kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ana bunduki ya kutangaza. Karani akampa kadi ya kutia sahihi, akamwuliza maswali mawili matatu, na sanduku likaondoka. Hakuna aliyeshtuka ila mimi, niliyelelewa katika nchi ambako bunduki huonekana zaidi begani mwa askari. Safari nzima niliwaza juu ya sanduku lile lililolala chini ya miguu yetu. Je, risasi haziwezi kulipuka huko chini? Hewa nyembamba ya juu haiwezi kuzifyatua? Na ikiwa bunduki ni hatari, kwa nini ikubaliwe ndani ya ndege hata kidogo?

Naamini wapo wasomaji wengi wenye maswali kama hayo. Majibu yake yamo katika fizikia na kemia ya kawaida, na yote yaweza kukusanywa katika methali moja ya wahenga wetu: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto kikiachwa peke yake huzimika. Viwili vikikutana huwaka. Sheria yote ya kusafirisha silaha kwa ndege ni jitihada ya kuzuia vinga visikutane.

Sheria Isemavyo

Kwa sheria ya Marekani, abiria anayemiliki bunduki kihalali haruhusiwi kuingia nayo mahali wanapokaa abiria, bali aweza kuisafirisha katika mizigo inayopakiwa tumboni mwa ndege. Masharti ni haya: bunduki isiwe na risasi ndani, iwekwe katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, ufunguo au namba za kufuli zibaki kwa abiria peke yake, na abiria aitangaze kwa shirika la ndege anapokabidhi mzigo. Risasi nazo zifungwe katika vijisanduku vya karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zikifungwa hivyo, zaweza kuwekwa pamoja na bunduki katika sanduku moja. Baruti isiyo ndani ya risasi hairuhusiwi kamwe, wala katika mizigo ya tumboni.

Kanuni za kimataifa za Shirika la Usafiri wa Anga la Umoja wa Mataifa zinaweka na kipimo: kila abiria asizidishe kilo 5 za risasi, pamoja na uzito wa vifungio vyake, na ziwe kwa matumizi yake mwenyewe. Abiria wawili hawawezi kuunganisha mafungu yao katika kifurushi kimoja. Risasi zenye vichwa vya kulipuka au vya kuwasha moto zimekatazwa kabisa.

Risasi ni Kitu Gani?

Kile tunachokiita risasi kina sehemu nne. Kuna ganda, aghalabu la shaba. Ndani yake mna baruti. Kitakoni mwa ganda mna fataki, yaani kijisahani kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Na mdomoni pamekazwa kichwa cha risasi, ambacho ndicho kinachoruka. Bunduki kwa upande wake huleta vitu vitatu ambavyo risasi haina: kijiti cha chuma cha kugonga fataki, chemba yenye kuta imara ya kulibana ganda lisipasuke, na mtutu wa kukiongoza kichwa.

Tuchukue risasi ya bastola ya milimita 9, iliyo ya kawaida sana duniani. Inapofyatuliwa ndani ya chemba, gesi ya moto huleta kani ya msukumo inayoweza kufika mara 2,400 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Gesi hiyo, kwa kuwa haina njia nyingine ya kutokea, hukisukuma kichwa chenye uzito wa gramu 8 hivi katika urefu wote wa mtutu, hata kinatoka kwa mwendo unaozidi ule wa sauti.

Sasa iondoe chemba na mtutu, uache risasi peke yake ndani ya moto. Baruti itawaka, naam, lakini ganda halina kuta za kulitegemeza. Litapasuka, na gesi itatawanyika kabla ya kujikusanyia nguvu. Zaidi ya hayo, ganda tupu la risasi hiyo lina gramu 4 hivi tu. Vitu viwili vikisukumana, kilicho chepesi ndicho kinachokwenda kasi zaidi. Hivyo vipande vya ganda huruka, na kichwa kizito hujisogeza polepole. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa ajili ya kuwafundisha wazima moto yameonyesha kwamba vipande hivyo vyaweza kumjeruhi mtu jicho au ngozi, lakini havina nguvu ya kupenya mavazi ya kazi ya mzima moto.

Hapo ndipo tunapoona maana ya sharti la kwanza. Risasi iliyo ndani ya sanduku lake ni kinga kimoja. Risasi hiyo hiyo ikiachwa ndani ya chemba ni vinga viwili vilivyokutana, kwani joto likiifikia itaruka kwa nguvu zake zote kana kwamba mtu amevuta kifyatulio.

Hewa Nyembamba na Joto

Wengine hudhani kwamba risasi itapasuka kwa sababu ya urefu wa kwenda juu. Ndege kubwa za abiria huruka kiasi cha mita 10,000 hadi 12,000 juu ya usawa wa bahari, lakini tumbo la ndege za namna hiyo hujazwa hewa sawasawa na chumba cha abiria. Hali ya humo ni kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, ambapo msukumo wa hewa ni robo tatu au zaidi ya ule wa pwani. Tofauti ya robo moja si kitu kwa risasi. Mkazi wa Makete au wa Lushoto anaishi karibu na hali hiyo kila siku.

Adui wa kweli wa ndege ni moto. Baruti ya kisasa imetengenezwa kwa nitroselulosi, nayo huweza kujiwasha joto likifika kiasi cha digrii 170 za Selsiasi au kuzidi. Tena ina oksijeni ndani ya molekuli zake, kwa hiyo haihitaji hewa ya nje ili iwake. Ndiyo sababu kiasi kimewekewa mpaka, na ndiyo sababu vifungio vimetiliwa mkazo. Katika orodha ya kimataifa ya vilipuzi, risasi za kawaida zimewekwa katika daraja la 1.4S. Herufi hiyo ya mwisho ina maana kwamba kitu kimefungwa kwa namna ambayo kikiwaka kwa ajali, madhara yake yatabaki ndani ya kifurushi. Kwa maneno mengine, kijisanduku kile cha karatasi ngumu si pambo la dukani. Ni sehemu ya usalama wenyewe.

Hatari Iliyo Mikononi

Basi ikiwa risasi tumboni haina tisho kubwa, hatari iko wapi? Iko pale bunduki, risasi na mkono wa mtu vinapokutana. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege za Marekani zaidi ya 130 zilitekwa nyara. Kuanzia Januari 1973 abiria wote huko walianza kupekuliwa kabla ya kupanda. Sisi wenyewe hatukusalimika na balaa hilo: Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikapelekwa hadi Stansted, Uingereza.

Upekuzi umepunguza mno uovu huo, lakini haujaondoa uzembe. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 katika mizigo ya mkononi, na katika kila 100, bunduki 93 hivi zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wenye bunduki hizo hudai kwamba walisahau tu. Novemba 20, 2021, katika uwanja wa Atlanta, mkaguzi alipokuwa akifungua mkoba wa abiria mmoja, abiria huyo alipenyeza mkono ndani yake na bastola iliyokuwamo ikalia. Watu walikimbia wakikanyagana, na baadhi yao wakaumia. Sheria ya kutangaza na kufunga ingefuatwa, pasingekuwa na kishindo wala mbio.

Thamani ya Neno la Kweli

Katika masharti yote, lile la kutangaza ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo ambalo mengine yote yanalitegemea. Mfano wa kusikitisha hautoki katika bunduki, bali katika vifaa vya kutengeneza oksijeni ya dharura. Mei 11, 1996, ndege ya shirika la ValuJet iliruka kutoka Miami ikiwa imebeba maboksi matano ya vifaa hivyo tumboni. Karatasi za mzigo zilieleza kwamba ni mikebe mitupu. Haikuwa mitupu, wala haikuwa imefunikwa vifuniko vya usalama. Moto ukazuka, ndege ikaanguka katika vinamasi vya Everglades, na watu wote 110 wakafa. Mzigo wa hatari uliotajwa kwa jina lake waweza kukataliwa, kufungwa vema au kuwekwa mahali pake. Mzigo uliofichwa nyuma ya neno lisilo kweli hauna kinga yoyote.

Lakini Sheria Ina Mpaka Wake

Ningekuwa nimemdanganya msomaji kama ningekomea hapa. Januari 6, 2017, mtu mmoja alisafiri kutoka Anchorage, Alaska, hadi Fort Lauderdale, Florida. Bastola yake ya milimita 9 ilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli, bila risasi ndani yake, imetangazwa kama itakiwavyo. Miezi miwili kabla alikuwa amekwenda mwenyewe kwa maofisa wa usalama akieleza kwamba akili yake inatawaliwa na wengine. Bastola ikachukuliwa na polisi, kisha ikarudishwa kwake kwa mujibu wa sheria. Alipofika Fort Lauderdale alilipokea sanduku lake, akaingia msalani, akaijaza bastola risasi, akarudi ukumbini akawaua watu 5 na kuwajeruhi kwa risasi wengine 6.

Tulitafakari jambo hili kwa makini. Kila sharti la safari lilitimizwa, na ndege ilifika salama. Vinga vilitenganishwa kwa muda wote wa safari. Vilikutana dakika chache baada ya safari kwisha, katika mikono ya mtu ambaye maradhi yake yalikwisha kujulikana. Baadaye shirika moja kubwa la ndege lilianza kuzifunga kwa mikanda ya plastiki isiyofunguka bila chombo cha kukatia zile begi zenye silaha. Hatua hiyo ni njema, kwani humchelewesha mwenye nia mbaya. Lakini hakuna kufuli liwezalo kupima akili ya mwenye ufunguo.

Sisi na Jambo Hili

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii, tofauti na Kenya iliyoupiga marufuku mwaka 1977, na wageni huja na bunduki zao kwa ndege. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala umilikaji na uingizaji wake. Walenga shabaha wa michezo nao husafiri na silaha. Mwenye silaha hana budi kukumbuka kwamba kibali cha nchi moja hakimfuati katika nchi nyingine. Kila mahali ndege itakapotua pana sheria yake.

Kwa sisi tulio wengi, ambao hatutamiliki bunduki maisha yetu yote, somo ni pana zaidi. Betri za lithiamu, viberiti, petroli ya jenereta na mitungi ya gesi vyote hufuata kanuni ile ile: kitenganishe kinachowaka na kinachowasha, kifunge vema, na ukitaje kwa jina lake kwa anayekipokea. Mzee yule wa Denver hakufanya zaidi ya hayo. Fizikia yaweza kuilinda ndege maadamu watu wanasema kweli juu ya wanachokibeba. Kuwalinda watu ndani ya ukumbi ni kazi ya jamii nzima, nayo huanza kabla sanduku halijawekwa juu ya mizani.